Dada kapewa kiti, mie nikapewa mfuko

Jumamosi tulikwenda Darajani, sokoni mjini Unguja, mie na dada yangu, kununua kanga za harusi. Baba mmoja, mama mmoja, Wete hiyo hiyo ya Pemba. Ila yeye kachukua weupe na nywele za singa za bibi. Mie weusi wa babu na kipilipili chake (nakipenda, mjue). Muuzaji akamvutia dada kiti: "Karibu bibie, kaa." Kunigeukia: "We msichana, mshikie mfuko. Umetoka bara lini?" Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 1964, na bado tunapimana kwa rangi, jamani! Nikamjibu kwa Kipemba cha nyumbani. Akacheka, eti utani. Dada keshalipa doti mbili. Nikamwambia azirudishe. Hakuzirudisha. Kwenye daladala hadi Amani hatukusemezana.