Gesi ya friji ikishatoka inaenda wapi

Jumamosi nilikuwa kwa mjomba Kirumba, yeye ni fundi friji, kazi nyingi anapata kwa watu wa samaki pale mwaloni. Alikuwa kaletewa friza ya zamani kweli, kibandiko cha kompresa kinasomeka R12, yaani ile gesi ya friji za zamani, sasa kompresa imekufa na mwenyewe anataka ibadilishwe, basi mjomba akakata ile paipu ya shaba gesi ikatoka psssss mpaka ikaisha. Nikamuuliza, mjomba hiyo inaenda wapi? Akasema, "Inapotelea hewani tu mama, jua litaimaliza."

Siku tatu hilo neno halijanitoka, maana mi nafundisha kemia fomu three na fomu four na najua mjomba kasema kweli nusu. Jua litaimaliza kweli, ila sio hili jua la kuanikia dagaa.

Iko hivi. R12 ni kaboni moja imeshikana na klorini mbili na florini mbili, basi, haidrojeni hamna. Ili mwanga uikate klorini kutoka kwenye kaboni unatakiwa uwe mwanga mkali sana, urujuanimno (ultraviolet) wenye urefu wa wimbi chini ya kama nanomita 220 hivi, na huo huku chini haufiki kabisa, umeshanyonywa na oksijeni na ozoni (oksijeni tatu zilizoshikana) huko juu, sisi tunachopata kinaanzia kwenye 290 hivi. Yaani ozoni inayotukinga sisi ngozi na macho ndiyo hiyo hiyo inaikinga na R12 isikatwe! Mvua haiioshi, udongo hauili, inazunguka tu miaka na miaka mpaka ipande.

Na njia ya kupanda ni huku kwetu. Hewa inaingia stratosfera, lile tabaka la juu lenye ozoni nyingi, zaidi kupitia ukanda wa tropiki, na Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mawingu ya radi yanayojikusanya usiku juu ya ziwa yanapandisha hewa kilomita nyingi sana, halafu kutoka hapo inaendelea kupanda polepole mno. Ikishafika huko ambako ozoni iko chini yake na sio juu yake, inakutana na ule mwanga wenyewe, klorini inakatika, inabaki peke yake na ina njaa. Inanyang'anya ozoni oksijeni moja, inakuwa klorini monoksaidi, ikikutana na atomu ya oksijeni inaiachia ile iliyobeba na klorini inatoka mzima kama ilivyoingia, inaenda kwa ozoni nyingine. Klorini moja inaweza kuvunja ozoni hadi laki moja kabla haijatulizwa. Hili Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika mwaka 1974, watu wa viwanda wakawabishia sana, 1985 Waingereza wakatangaza jinsi ozoni ilivyopungua juu ya Antaktika, 1987 ukaja mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizi, na 1995 hao wawili pamoja na Paul Crutzen wakapewa Nobel. R12 inaishi hewani kama miaka 100. Nikifikiria ile psssss ya Jumamosi inaniuma.

R22, gesi nyingine ya friji, ndiyo tofauti, na hapa ndipo mi napapenda zaidi. Yenyewe ina haidrojeni moja, kwa hiyo jua halihitaji kuikata lenyewe, linatuma mtu. Mwanga unaofika huku chini una nguvu ya kuvunja ozoni kidogo iliyopo karibu nasi, ile atomu ya oksijeni inayotoka ikikutana na mvuke wa maji zinazaliwa haidroksili mbili (oksijeni moja na haidrojeni moja kila moja), na haidroksili inaichomoa ile haidrojeni ya R22, ikishachomoka molekuli nzima inasambaratika. Ndio maana R22 inaishi kama miaka 12 tu, sio 100. Na haidroksili zinatengenezwa kwa wingi wapi? Kwenye jua la utosini na unyevu mwingi, yaani tropiki, hapa hapa. Asubuhi nikiona mvuke unapanda ziwani upande wa Jiwe la Bismarck nawaza kwamba hayo maji mengine yanaenda kazini.

Kati ya hizi zinazoshikana na kaboni, iodini inakatika kirahisi kuliko zote, methili iodaidi inayotoka baharini inamalizwa na jua la kawaida ndani ya siku chache. Florini ndiyo ngumu, kaboni yenye florini nne inakaa makumi elfu ya miaka. Hii R134a, gesi ya friji ya sasa, haina klorini kwa hiyo haiidhuru ozoni, ila inapasha joto dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kabonidaioksaidi kilo kwa kilo, ndiyo kisa cha makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi za aina hii.

Jana nikarudi kwa mjomba nikamchorea yote kwenye boksi la kompresa mpya. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo ile ya Jumamosi bado ipo?" Ipo mjomba, wajukuu zako wataikuta. Akasema basi nimtafutie bei ya mashine ya kuvutia gesi pamoja na mtungi wake. Kama kuna mtu Mwanza anayo iliyotumika na bado inafanya kazi, aniandikie hapa chini, mjomba yuko siriasi na mi nachangia.