Kigae cha Bibi Kwenye Ukuta wa Leipzig

Kila anayepanda mpaka kwangu, ghorofa ya nne, huuliza kabla hajavua hata koti: "Ile rangi umeitoa wapi?" Anauonyesha ukuta wa nyuma ya kitanda. Nikijibu kwamba imetoka Mvumi, kijijini kwa bibi kule Dodoma, mgeni wa Kijerumani hutabasamu tu akisubiri maelezo. Mtanzania mwenzangu huusogelea ukuta na kuugusa kwa kiganja. Naandika haya kwa ajili ya huyo wa pili, na kwa wote mnaoishi ndani ya chumba kimoja huku ughaibuni, mkijiuliza vitu vya nyumbani mtaviweka wapi bila chumba kugeuka stoo.

Nakaa Grünau, mtaa wa magorofa ulioanza kujengwa mwaka 1976, enzi za Ujerumani Mashariki. Kuta zake ni mabamba ya zege yaliyotoka kiwandani yakiwa tayari, yakaja kuunganishwa hapa hapa kwa kreni. Aliyewahi kupita Kikwajuni au Kilimani kule Unguja atanielewa upesi, maana ni Wajerumani hao hao wa Mashariki waliosaidia kujenga nyumba zile baada ya Mapinduzi ya 1964. Studio yangu ina mita za mraba 27. Bafu liko pembeni, mengine yote yamo humo humo: kitanda kinatazamana na jiko, na ukikaanga vitunguu, mto nao unanukia vitunguu.

Miaka miwili ya mwanzo niliishi humo kama abiria aliyekaa juu ya begi lake stendi. Kila nilichonunua kilikuwa cheupe au kijivu, kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba chumba kidogo kikiwa cheupe kinaonekana kikubwa. Ni kweli kilionekana kikubwa. Lakini Desemba jua la Leipzig linazama kwenye saa kumi jioni, na mtu aliyekulia Dodoma, akaja kukaa peke yake ndani ya weupe ule chini ya balbu moja nyeupe tangu saa kumi mpaka saa nne usiku, anaanza kutafuta sababu za kutorudi nyumbani. Mimi nilikuwa nikitoka kazini napitiliza maktaba. Sikuwa na kitabu ninachokisoma.

Likizo ya Julai iliyopita nikaenda kwa mama, Nkuhungu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya kutoka Dar imekuwa fupi sana. Nilifika mchana, upepo wa kipupwe unarusha vumbi, nikaoga, nikajilaza kwenye kochi la sebuleni. Nikaanza kuiangalia ile sebule kama naiona kwa mara ya kwanza.

Mnazijua sebule za mama zetu. Vitambaa vya kufuma juu ya kochi, juu ya redio, juu ya televisheni. Kabati la vioo lenye vikombe vinavyotoka siku ya mgeni mkubwa tu. Chupa za chai za Kichina zenye maua. Kalenda ya kanisa, na picha ya harusi iliyopigwa studio, nyuma kuna maporomoko ya maji ya kuchora. Meza ya mninga aliyotengeneza fundi wa Majengo. Pazia zito la mtumba ambalo bila shaka lilishawahi kuning'inia Ulaya. Katikati ya hivyo vyote, kigoda cha babu cha miguu mitatu, kilichochongwa kutoka gogo moja, na vibuyu viwili vya maziwa vinavyoning'inia kwenye msumari.

Nilipokuwa kidato cha nne nilimwomba mama akiondoe kile kigoda kabla rafiki zangu hawajaja, nikaona kinatutia ushamba. Babu alikuwa ameshafariki. Mama akaniuliza, "Kikitoka hicho, babu yako atakaa wapi?" Hakukiondoa, na mimi siku ile nilikasirika. Leo hii swali lile linaniuma kuliko kofi.

Sasa nikiwa nimelala pale nikajiuliza: vitu vya Kichina, vya Kizungu, vya Kigogo, vya kanisani na vya mnadani, kwa nini havigombani? Jibu lilikuwa chini, sakafuni. Sakafu ya mama ni ile ya saruji nyekundu ya kung'arishwa. Mninga ni mwekundu. Pazia ni rangi ya damu ya mzee. Vitambaa vyeupe vimezungushiwa uzi wa damu ya mzee kwenye kingo. Kigoda na vibuyu vimeiva kwa mafuta na moshi mpaka vimekuwa rangi ya ugoro. Mchanganyiko wote ule ulikuwa umekaa juu ya rangi moja, ya udongo wa Ugogo. Nikamuuliza mama alichaguaje.

"Nilichukua visivyoonyesha vumbi, mwanangu."

Hapo ndipo nilipopata darasa langu lote la mapambo ya ndani. Watu hununua vitabu kujifunza jinsi ya kuchanganya mitindo, na mimi nimelelewa na mtu aliyeichanganya kwa miaka thelathini kwa kulitazama vumbi la mahali anapoishi na kukubaliana nalo.

Siku ya tatu nikapanda basi kwenda Mvumi kwa bibi. "Mbukwenyi," nikamsalimia kwa Kigogo, akafurahi kwamba ulimi haujapotea. Kwake bado lipo banda moja la tembe: miti, udongo, na paa bapa lililofunikwa udongo pia, chini kiasi kwamba unainama kuingia. Ndani mna giza la kupendeza na vitu havizidi kumi, kila kimoja na msumari wake au pembe yake. Nilikaa humo muda mrefu. Chumba kile ni kidogo kuliko changu, na sikuwahi kumsikia bibi akilalamikia udogo wake.

Nilikuwa nimepanga kubeba udongo wenyewe, kilo moja hivi, nikauchanganye na gundi niupake ukutani. Lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na udongo kutoka kule kwetu, kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mimea, na ni katazo la haki. Bibi alipoelewa nataka rangi tu, akaingia uani, akatoka na kigae cha chungu kilichopasuka zamani, kile anachochukulia kaa la moto. "Hiki kimeshapita motoni," akasema, "hakioti kitu." Akakifuta kwa upande wa khanga yake, akanipa.

Nilikirudisha Leipzig ndani ya soksi. Kwenye duka la rangi wana mashine ndogo inayosoma rangi ya kitu chochote ukiipa sehemu bapa na safi yenye upana wa sarafu, halafu kompyuta inapiga hesabu na rangi inachanganywa pale pale. Upande wa ndani wa kigae ulikuwa mweusi tii kwa masizi. Upande wa nje, baada ya kuusugua, ulitoa wekundu ninaoujua. Nawaomba sana jambo moja: msinunue ndoo nzima siku hiyo. Chukueni kopo dogo, mpake kwenye kipande cha boksi, mkihamishe humo chumbani siku mbili tatu, asubuhi karibu na dirisha, usiku karibu na taa. Boksi langu lilipokauka lilionekana la waridi kama pipi, nikavunjika moyo. Kumbe kosa lilikuwa balbu. Nilipoitoa ile nyeupe nikaweka zenye alama ya 2700K, zile za mwanga wa manjano, wekundu ukarudi mahali pake.

Balbu ya darini siku hizi siiwashi kabisa. Nina taa tatu, zote chini ya usawa wa kifua, kwa sababu mwanga wa koroboi na wa moto wa jikoni niliokulia nao ulitoka chini. Ukijaribu hili moja tu, bila hata kununua fenicha, chumba chako kitabadilika usiku huo huo.

Nilipaka ukuta mmoja. Mkataba wangu unataka nikihama kuta zirudi kwenye rangi isiyo kali, na ukuta mmoja naumudu. Zingine nilizitoa kwenye weupe wa hospitali nikazipeleka kwenye rangi ya maziwa. Baada ya hapo nikajiwekea sharti alilokuwa nalo mama bila kulitamka: kinachoingia humu kiwe na japo uzi mmoja wa rangi ile, au kiwe cheusi kama masizi ya chungu. Mitindo sikuiwekea sharti lolote.

Kwa hiyo kochi ni la mbao, la miaka ya sitini, aliniachia bibi jirani alipohamia kwa mwanawe. Nililibadilisha kitambaa nikavika kitenge kizito. Rafu ni ya chuma nyeusi, ya ofisini, na ndiyo inayotenganisha kitanda na upande wa kukaa. Haina mgongo, kwa hiyo mwanga unapita na chumba hakikatiki. Zulia ni la Kituruki, nililipata kwenye soko la vitu vikuukuu Jumapili moja, sehemu iliyonikumbusha mnada wa Msalato kule Dodoma, pasipo nyama choma: ukifika alfajiri unakuta vizuri, ukifika mchana unakuta bei nzuri. Picha kubwa ya tingatinga ya tembo iko juu ya kochi. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, na ule mng'ao wake wa mafuta unapendeza mno karibu na ukuta usiong'aa. Tembo nilimchagua kwa sababu ya hadithi ya jina la Dodoma, idodomya, mahali tembo alipozama. Khanga moja ya bibi, iliyoandikwa Wema hauozi, nimeitia kwenye fremu mji na pindo vyote vikionekana. Usiigeuze khanga yenye thamani kuwa pazia, jua litaila.

Kuna kiti kimoja cha mahameli ya buluu nilikiona sokoni, kizuri kweli, na bei ndogo. Nilikizunguka mara tatu. Niliondoka bila nacho na bado nakiwaza.

Kigoda cha babu mama hakunipa. "Hicho hakisafiri," alisema, na sikubishana. Nikaenda Chamwino kwa mzee mmoja mchongaji.

"Shikamoo, mzee. Nataka kigoda."

"Marahaba. Cha kukalia au cha kutazama?"

Nikasema cha kukalia. Akaniambia nikae juu ya gogo, akapima goti langu kwa kamba, ndipo akaanza kuzungumza habari ya pesa. Nafikiri swali lake lilinisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kusoma. Ndani ya mita 27 hakuna nafasi ya kitu cha kutazama tu. Kigoda kile asubuhi ni pa kuvalia viatu, mchana ni stuli ya chai, usiku kinabeba simu na glasi ya maji kando ya kitanda. Watanzania wenzangu wakija Jumamosi kula ubwabwa au mlenda, mmoja hukikalia, na mara nyingi ndiye anayeanza kupiga hadithi za kwao.

Kibuyu kimoja nilichotoka nacho nyumbani kilipasuka. Nilikitundika juu ya hita, joto kavu likakichana kutoka shingoni mpaka tumboni, na nilikaa sakafuni nimekishika kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Nikampigia mama kwa video. Akaniambia kibuyu hakitupwi, kinashonwa. Nikapasha sindano nene kwenye moto wa mshumaa, nikatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, nikapitisha uzi wa katani huku mama akiniongoza: "Usivute sana. Hapo. Rudi nyuma kidogo." Ilichukua jioni nzima. Mshono ule mweusi ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo humu ndani, na sasa kibuyu kinakaa mbali na hita.

Mambo mawili ya haraka kwa mnaoishi kwenye magorofa kama yangu. Zege hili halikubali msumari. Azima drili yenye kugonga kama nyundo, na usiiwashe Jumapili, ni siku ya utulivu na majirani watagonga mlango. Pili, kabati lililoegemea ukuta wa nje liachie nafasi ya upana wa kiganja, na fungua madirisha kabisa dakika chache asubuhi na jioni hata kukiwa na theluji. Ukuta wa baridi ukikosa hewa unaota ukungu, na ukungu unakula vitambaa vya kufuma kabla haujakula kitu kingine.

Ndiyo, na vitambaa navyo vipo. Mama alifuma vinne, vyeupe, kingo za damu ya mzee. Viwili viko kwenye kochi la Mjerumani.

Wiki iliyopita nilimpigia bibi kupitia simu ya shangazi. Nikaizungusha kamera polepole. Alinyamaza muda, kisha akaomba nirudi kwenye pembe ya karibu na mlango, mbona tupu. Nikamwambia sijapata cha kuweka. Shangazi amesema upo ungo wa zamani kule Mvumi, mkubwa, ulioiva kwa pumba za uwele, na kuna kijana anakuja Ujerumani mwezi wa kumi na mbili. Nimemwomba aukung'ute tu, asiuoshe.