Umerudi Uganda: anza na mita, ndipo ugeukie simu

Ndugu zetu mnaorudi nyumbani baada ya miaka mitano, kumi au zaidi, karibuni na poleni kwa safari. Nyumba iliyofungwa muda mrefu haichakai paa na milango tu. Kila chombo chenye programu ndani yake nacho kimebaki nyuma, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukigusa. Wengi wetu tukifika huanza na simu kwa kuwa iko mkononi. Data inaisha, chaji inaisha, na usiku unaingia nyumba ikiwa giza. Anza na umeme, fuata laini, kisha simu, kompyuta iwe ya mwisho.

Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ni jina la Kiganda, ndugu wa "waka" yetu, na mita yenyewe ni kompyuta ndogo. Kila tokeni ya umeme, yaani zile tarakimu unazonunua na kubonyeza kwenye mita, hubeba alama ya wakati ilipotengenezwa, ikihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa dakika 16,777,216, karibu miaka 32, na ilijaa Novemba 24, 2024. Halikuwa tatizo la Uganda peke yake. Mita za mfumo huo duniani kote zililazimika kubadilishiwa ufunguo, yaani namba ya ndani ambayo mita huitumia kuzitambua tokeni, kabla ya siku hiyo. Waliokuwepo walibonyeza namba wakamaliza. Mita ya nyumba iliyokuwa tupu huenda haikuguswa, na itaikataa tokeni mpya hata kama pesa imelipwa na tarakimu zote ni sahihi.

Msambazaji wa umeme sasa ni UEDCL, kampuni ya serikali. Mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme uliisha Machi 31, 2025, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la zamani kwenye menyu ya malipo. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye mita na ile unayolipia, kisha nunua kiasi kidogo kwanza. Mita ambayo haijabadilishwa huhitaji mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ni ya ufunguo, la tatu ndilo lenye yuniti. Yanakili kwenye karatasi, tarakimu nne nne, maana kusoma SMS huku unabonyeza ndiko kunakoleta makosa. Ingiza fungu la kwanza, thibitisha, subiri mita ijibu. Ingiza la pili, subiri tena. Ndipo uweke la yuniti. Anayeanza na la tatu hukataliwa, akadhani ameibiwa pesa zake.

Yuniti zilizokuwa zimebaki ndani ya mita hazipotei. Ila kama una tokeni ya zamani uliyoinunua na hukuiingiza, ijaribu kabla ya yale mawili, kwa sababu ufunguo ukishabadilika haitakubaliwa tena. Ukikosea mara nyingi mfululizo, mita nyingi hujifunga kwa muda. Iache, rudi baadaye. Na ukiletewa fungu moja tu nalo likakataliwa, peleka namba ya mita kwenye ofisi ya umeme ikaangaliwe. Mita nyingine za zamani sana hazipokei ufunguo mpya, hubadilishwa nzima. Usimruhusu fundi wa mtaani akate sili.

Kuna jambo dogo linalosumbua kuliko yote. Kwenye nyumba nyingi mita iko juu ya nguzo, na ndani kuna kidude chenye vitufe tu. Betri zilizokaa humo miaka huvuja, zikaacha unga mweupe au wa kijani kwenye vibati. Zitoe, sugua vibati kwa kitambaa chenye matone machache ya siki, futa kwa kitambaa kikavu, acha vikauke kabisa, kisha weka betri mpya. Usipofanya hivyo kioo kitawaka kidogo na kuzimika katikati ya tarakimu, nawe utailaumu tokeni.

Laini ina shida yake. Namba isiyotumika muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwingine, kwa hiyo usimtumie mtu pesa kwa namba ya mwaka 2018 kabla ya kuona jina linalotokea kwenye skrini. Kusajili laini mpya kunahitaji kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Muhimu zaidi, usiache namba ya ng'ambo ife kabla hujahamisha kila kitu kinacholetewa nambari za uthibitisho kwa SMS: benki, barua pepe, pensheni. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba ndani ya mipangilio ya akaunti. Itumie hiyo badala ya kufungua akaunti mpya, usije ukapoteza vikundi vyako.

Sasa data. Walioondoka wakati wa ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, wajue kwamba tangu Julai 2021 mahali pake pana ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kila megabaiti inayovuja unailipia kodi pia. Na uvujaji mkubwa hutoka kwenye hotspoti. Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti ya simu huiona kama Wi-Fi ya kawaida, kama ile ya ng'ambo isiyo na kikomo, na papo hapo inaanza kuvuta masasisho ya miezi yote uliyokuwa safarini. Bando la wiki linaisha kabla ya chai kupoa. Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, gusa jina la hotspoti hiyo, na uwashe chaguo la muunganisho wenye kipimo (metered connection). Android nayo ina chaguo hilo chini ya jina la Wi-Fi. Play Store ikiambiwa isasishe kwa Wi-Fi tu bado itaila hotspoti yako, isipokuwa umeitambulisha hivyo.

Hatusemi uzime apdeti zote. Za usalama ni za lazima, hasa kwenye simu yenye mobile money. Chagua siku, nunua bando la usiku kama mtandao wako unalo, hakikisha chaji imezidi nusu, na uache gigabaiti kadhaa wazi. Facebook ikigoma, usiifute na kuiweka upya ukitarajia ipone, maana ilizuiwa nchini tangu uchaguzi wa Januari 2021.

Kompyuta ya mezani iliyokaa bila umeme huamka ikidhani ni mwaka mwingine. Tovuti zote zinakataa kwa onyo la usalama, watu wanadhani ni virusi. Ni betri ya saa iliyo kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, imekufa. Chomoa waya, badilisha, weka tarehe, na kwenye kanda ya saa ya Windows chagua Nairobi, maana Kampala hutaiona pale. Kama bado ni Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Angalia kama mashine ina TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani yake) na RAM ya gigabaiti 4 au zaidi kabla ya kumlipa mtu akuwekee Windows 11.

Simu ya mama iache mpaka uwe na jioni nzima. Futa kwanza video za kusambaziwa, kwani ndizo zilizojaza nafasi apdeti ikashindwa kuingia. Baada ya apdeti kubwa vitufe huhama mahali, basi rudisha ukubwa wa maandishi aliouzoea, na mkae pamoja hadi apige simu na kutuma pesa kidogo mwenyewe. Mwambie pia kwamba atakayempigia akisema anaapdeti laini yake na anahitaji namba ya siri ni mwizi, amkatie simu.