Siku nne za kusubiri simu

Jumapili usiku, Dodoma mjini.

Nimerudi kutoka Mpunguzi jioni hii na mikono bado inanata. Maji ya zabibu hayatoki kwa kunawa mara moja. Nataka niandike sasa hivi, kabla sijaanza kuisimulia habari hii kwa namna inayonipendeza mwenyewe.

Mama ana ekari moja ya zabibu nyekundu, aina ile iitwayo Makutupora. Msimu huu zimezaa hadi nyaya zimelegea kwa uzito. Mnunuzi wetu wa siku zote alisema gari litakuja Jumatatu. Halikuja. Jumanne akasema matangi yake yamejaa, tuvute subira. Kuanzia Jumatano simu yake ikawa inaita tu. Na Machi huku kwetu si mwezi wa kuziacha zabibu zilizoiva mtini. Mvua moja ya usiku inatosha: ngozi zinapasuka, nyuki na nyigu wanaingia, kesho yake unasikia harufu ya siki ukiwa bado njiani. Mama ana mkopo wa vikoba, aliouchukua kwa ajili ya dawa ya ukungu na vibarua wa palizi. Marejesho ni mwisho wa mwezi.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilidhani naenda kusaidia.

Baba mdogo alikuwa amekasirika. Kila jioni alikaa kwenye kigoda chake akaanza upya: jinsi yule mtu alivyotuahidi, jinsi alivyochukua za wengine akatuacha, jinsi mkulima anavyodharauliwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na mpaka sasa nakubaliana naye neno kwa neno. Ila hasira ilikuwa inamchosha kama jembe, akienda kulala anajiona ameshinda kazini. Mama yeye alinyamaza. Akafagia uwanja asubuhi, mchana na jioni, uwanja ambao haukuwa na hata jani. Na mimi nilipiga simu. Leo nimeangalia orodha: mara 23 kwa namba ileile moja. Hakuna namba nyingine yoyote niliyojaribu. Mimi, niliyesoma, ninayekaa mjini, ninayefahamiana na wauza matunda wa Majengo kwa sura.

Tuliita subira. Mama alisema subira yavuta heri, nami nikaitikia. Lakini mwenye subira anajua anasubiri nini na atasubiri hadi lini. Sisi tulikuwa tumepigwa ganzi, tukaipa ganzi jina zuri. Ushahidi ni huu: shamba liko hatua mia mbili kutoka mlangoni, na kwa siku nne hakuna aliyekanyaga huko. Tuliogopa kuziona.

Niliwahi kusoma juu ya utafiti uliotoka mwaka 2013 katika jarida la Science. Watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu, India, kwa mafumbo ya kupima akili, kabla ya mavuno wakiwa hawana hela, na tena baada ya mavuno walipokuwa wamelipwa. Watu walewale, vichwa vilevile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba dhiki yenyewe inakula nafasi ya kufikiria. Nilipoisoma niliona ni habari ya watu wa mbali. Wiki hii nimeishi ndani yake.

Nimemkumbuka sana bibi pia. Yeye alisimuliwa na wakubwa wake habari za mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimepita hapa vikachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikagoma. Bibi hakuwahi kutuambia kwamba watu wa zamani walikuwa imara kuliko sisi, na mimi maneno hayo huwa yananiudhi, kwa sababu watu wengi sana walikufa na hawakufa kwa ulegevu. Alichopenda kurudia ni jambo dogo: kwamba mama yake aliingiza mkono kwenye kilindo cha uwele, yaani chombo cha kuwekea nafaka, akapima kwa viganja, akasema zimebaki siku ngapi, kisha wakaondoka kwenda kwa ndugu kabla siku hizo hazijaisha. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi fupi mno. Nilitaka simba.

Ijumaa asubuhi akaja jirani yetu, mama mjane anayekamua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake ya kutengenezea mvinyo, miaka mingi. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, akakaa, akapewa maji. Baba mdogo akaanza kumsimulia habari za mnunuzi. Akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama: "Dada, zile za upande wa mtaroni zimefikia wapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu.

Tukaenda wote wanne. Za mtaroni, mistari sita, zilikuwa zimepitiliza, nyingine zimeanza kudondoka. Za katikati zilikuwa zimeiva sawasawa. Za juu, kwenye mchanga, zilikuwa bado na uchachu, zingeweza kukaa wiki nzima mvua isiponyesha. Mama alisimama akazitazama, na ndipo aliposema neno refu la kwanza tangu nifike: "Kumbe si zote."

Kutoka hapo mikono ilijua kazi. Za mtaroni tulizikata siku hiyohiyo, tukachambua zilizooza, nzuri tukazikamua kwa jirani. Alikuwa na tangi la plastiki lililojaa nusu, akatupa nafasi kwa makubaliano ya kugawana mchuzi. Jumamosi nilipanda na kreti kumi na moja hadi Majengo, nikauza kwa bei iliyoniuma. Baba mdogo, ambaye nilikuwa nimeshamhukumu moyoni, aliweka ndoo barabarani kwa abiria wa mabasi ya Iringa na akauza kunizidi, kwa sauti ileile aliyokuwa akilalamika nayo.

Hela haitoshi marejesho. Nimepiga hesabu mara mbili, imefika kama nusu. Kesho mama ataenda kwa mwenyekiti wa kikundi kuzungumza kabla ya siku ya kikao, na anaogopa, aliniambia hivyo tukiwa tunaosha ndoo.

Za kwenye mchanga bado ziko mtini. Saa tatu hii mama amenipigia. Anasema kumetanda mawingu upande wa Mvumi, na ametoka na tochi kwenda kuziangalia.