Siku moja maishani mwangu: kupima Wi-Fi ya godauni, Arusha

Saa moja asubuhi, mtaa wa Unga Limited. Godauni la leo lina urefu wa mita 110 na upana wa mita 48, paa la mabati, na rafu za chuma za mita 8 zilizoacha njia 14 katikati yake. Wengi wanadhani kazi yetu ni kupanda ngazi na kutundika visanduku vya kurusha Wi-Fi, yaani aksesi pointi. Kutundika huja mwisho kabisa. Kazi yenyewe ni kuhakikisha skana ya mpakiaji, kifaa cha mkononi cha kusoma alama za mzigo, haikatiki akiwa katikati ya njia, maana ikikatika mzigo hauingii kwenye mfumo na lori linabaki getini.

Kabla ya yote, ramani. Mchoro wa mteja tunauhakiki kwa mita ya leza, kwa sababu vipimo vyake vikikosea, kila namba tutakayoandika juu yake nayo imekosea.

Saa mbili na nusu tunaangalia shehena. Upande mmoja ni maji ya chupa na soda, upande wa pili magunia ya maharage na mbegu. Maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Ukipima rafu zikiwa tupu kabla ya mavuno, utaona mtandao safi kila kona, halafu magunia yakiingia unakufa. Ndiyo maana tunapima ghala likiwa limejaa, hata kama mteja anaona tunamsumbua.

Kuanzia saa tatu ni kutembea. Tunainua aksesi pointi juu ya nguzo yenye betri, hadi kimo kilekile itakapofungwa, kisha tunapita kila njia polepole, tukibofya ramani kila baada ya mita chache. Njia hairukwi hata moja, kwa kuwa jirani yake inaweza kuwa na mzigo tofauti kabisa. Tunataka -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yana nguvu) au bora zaidi, na isikike aksesi pointi ya pili pia, ili mtu anayehama apokelewe. Juu ya kelele, yaani mawimbi mengine yaliyo hewani, tunataka walau desibeli 25. Kuna wanaosema -70 si mbali na -67. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu imepotea. Na hata mahali pa wazi, umbali ukiwa maradufu unapoteza desibeli 6, kabla hujahesabu gunia hata moja.

Njia ya nane foklifti inashusha maji. Tunasubiri. Inaondoka, inakuja nyingine. Jua limeshapanda, mabati yanatema joto, na hapo ndipo mama msimamizi wa stoo anapotufikia.

“Fundi, mnatembea tu tangu asubuhi. Si mfunge mbili kubwa ukutani, muongeze nguvu?”

“Shikamoo mama. Nguvu ya sanduku tunaweza kuongeza. Ya skana hatuwezi.”

Haridhiki. Anasema godauni la jirani wamefunga mbili na zinatosha. Ni hoja tunayokutana nayo kila mahali, na inastahili jibu kamili. Mwenye kipaza sauti husikika uwanja mzima, lakini aliye mwisho wa uwanja akimjibu kwa mdomo, hasikiki. Skana itaonyesha alama za mtandao zimejaa, na bado kila inachotuma kinapotea. Kwa hiyo aksesi pointi tunazishusha hadi dBm 14 au 15, karibu na nguvu ya skana yenyewe, kisha tunaongeza idadi. Tunampa skana mkononi na kwenda naye njia ya tisa: mdomoni mwa njia -58, nyuma ya maji -79. Anaitazama, anarudi hatua tano, anaitazama tena. “Basi semeni zinatakiwa ngapi.”

Idadi haitoki kwenye mita za mraba, inatoka kwenye njia. Antena ya kurusha pande zote ikikaa juu ya rafu humwaga mawimbi pembeni, aksesi pointi zinasikiana kule darini na kugombania hewa, huku chini mtu hapati kitu. Tunachagua antena za kuelekeza, zitazame sakafu ya njia, zipishane njia kwa njia. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli (njia za mawimbi hewani) zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu, hivyo skana zinazokubali 5 GHz tunazihamishia huko, kwa chaneli zenye upana wa MHz 20. Skana hutuma herufi chache. MHz 80 ni kumaliza chaneli bure.

Mchana unaishia kwenye kebo. Kikomo cha kebo moja ya mtandao ni mita 100, na kupanda na kushuka ukutani kunahesabiwa. Godauni hili linahitaji raka (kabati la vifaa vya mtandao) ya pili katikati, iungwe kwa faiba (kebo ya nyuzi za kioo), ambayo pia haipitishi umeme radi ikipiga. Kebo ya bei rahisi tunaikwangua: ikitokea nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hatuifungi, maana inapoteza umeme unaopelekwa kwa aksesi pointi na kupata moto. Swichi, kifaa kinachogawa mtandao na umeme kwa aksesi pointi kupitia kebo, nayo tunajumlisha wati zake zote. Matundu 24 si lazima yawe na umeme wa kulisha matundu 24. Raka zote mbili ziwe na UPS (betri ya akiba), la sivyo umeme ukikatika dakika moja, mtandao unachukua kadhaa kuwaka tena.

Jioni tunaandika ripoti: mahali, kimo, uelekeo wa antena, chaneli, nguvu. Mstari wa mwisho unasema malipo ya mwisho yatafungwa baada ya kupima upya kwa skana za stoo zenyewe, njia zote 14, mzigo ukiwa umefika juu.