Rili ya kidole gumba: jibu kwa ndugu zangu wa Sahare

Ndugu zangu wa Sahare na Mwambani, ujumbe wenu nimeupata. Mnataka nikija likizo Tanga nije na rili za kidole gumba, vile vifaa vya kwenye fimbo ya kuvulia vinavyokunja na kuachia uzi, na wengine mmeshanitumia picha za mnazozitaka. Kabla sijatoa hela, nisikilizeni, maana huku jimbo la Washington, Marekani, hizi ndizo ninazovulia mtoni, na nimezipenda kwa dhati.

Samaki wa huku kwanza. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kuzaa. Mkubwa kuliko wote ni Chinook. Aliyeweka rekodi ya kuvuliwa kwa fimbo alitolewa Mto Kenai, Alaska, mwaka 1985, akiwa na kilo 44. Stilihedi ni trauti, samaki wa ukoo wa samoni, aliyekwenda baharini. Samoni wa Pasifiki akishazaa hufa, lakini stilihedi anaweza kurudi tena baharini. Ukimnasa kwenye maji baridi ya Mto Cowlitz anaruka, anageuka, anakimbia na mkondo, na hapo rili mbovu inaumbuka.

Rili ninayoisema inakaa juu ya fimbo, na bobini yake, ile inayobeba uzi, inazunguka uzi unapotoka. Kidole gumba kinalala juu ya uzi muda wote. Mtoni tunaachia chambo kishuke na mkondo, chubwi, ule uzito wa kukizamisha, ikigonga changarawe. Nikitaka kishuke zaidi nabonyeza kitufe, naachia uzi kidogo, nabana kwa gumba, yote kwa mkono mmoja. Nilipomwonyesha Ami pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, aliipokea, akabana uzi kwa gumba lake la kivuvi, akatulia kidogo. "Mwanangu," akasema, "huu ni mshipi wa mkono uliotiwa gia." Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo.

Taabu yake ni moja: bobini ikizunguka kasi kuliko chambo kinavyokwenda, uzi unafumuka na kujifunga mafundo ya kukukalisha kitako. Kuna kifundo kidogo cha kukaza bobini, upande wa hendeli, ule mkono wa kuzungushia. Ning'iniza chubwi kwenye ncha ya fimbo, bonyeza kitufe, iache ishuke polepole. Ikigusa chini, bobini isimame hapo hapo. Ikiendelea kuzunguka, kaza kidogo ujaribu tena. Ukibadilisha uzito wa chubwi, pima upya. Ndani mna breki nyingine, ya sumaku au ya vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko. Anayejifunza aiweke kali, apunguze mkono ukizoea. Halafu gumba: bana bobini kabla chambo hakijagusa maji.

Kwenye kuchagua, msihesabu beringi. Wingi wa beringi unapamba boksi. Angalieni breki ya kumchosha samaki, ile inayokazwa kwa nyota iliyo chini ya hendeli. Ikaze kiasi, uvute uzi kwa mkono palepale dukani. Uanze kutoka taratibu, bila kushtuka. Ukikwama kisha ukaachia ghafla, rudisha rili kwenye kabati, kwa sababu mshtuko ule ndio unaokata uzi. Mimi hukaza mpaka robo au theluthi ya nguvu ya uzi, sizidishi.

Gia ya 5 kwa 1, yaani hendeli ikizunguka mara moja bobini inazunguka mara tano, ina nguvu ya kumvuta Chinook. Kwa stilihedi napenda 6 kwa 1 au zaidi, nikusanye uzi uliolegea haraka. Kwa samaki wazito nachukua ya duara, kama Ambassadeur 6500 ya Abu Garcia, kampuni ya Sweden iliyoanza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Inafunguka kirahisi na unaona kila kipande kinafanya nini. Ukitia uzi wa kusuka, tanguliza nailoni kidogo chini, la sivyo utateleza kwenye bobini na samaki ataondoka nao wote.

Sasa matunzo, na huko Tanga ni kugumu kuliko huku, kwa ajili ya chumvi. Ukirudi kutoka majini, kaza breki, mwagia maji baridi kidogo kidogo. Mpira wenye presha msitumie, unasukuma chumvi na mchanga ndani. Futa, anika kivulini, kisha legeza breki mpaka safari nyingine, ili vibati vyake visishikane. Beringi zinataka tone moja la oili nyepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa, na Ngamiani yapo. Gia zinataka grisi, tabaka jembamba. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu nayo si oili, inaondoa grisi iliyokuwepo.

Msisahau ile skrubu ndefu ya mbele inayopeleka uzi kushoto na kulia. Mchanga hupenda kukaa kwenye mitaro yake, na ikiliwa, uzi unajilundika upande mmoja. Mswaki wa zamani unatosha kuisafisha, kisha tone la oili.

Rili nyingi za mtoni hazikuundwa kwa bahari, kwa hiyo nitatafuta zilizokingwa chumvi, na bei yake iko juu. Kila anayetaka aniandikie anavulia nini, changu wa mwambani au kolekole, anatumia uzi wa nguvu gani, na hendeli aitaka kulia au kushoto. Picha peke yake hainisaidii.