Fimbo za Ohio kwenye maji ya Mwanza

Tangu nirudi Mwanza kutoka Ohio, vijana wa mwaloni wananiuliza kama zile fimbo nyembamba za kuvulia za Marekani zinafaa huku. Kwa sato zinafaa. Kwa sangara, utavunjiwa.

Fimbo zile ni za Mto Maumee, unaoingia Ziwa Erie. Samaki aitwaye walleye hupanda mto Machi na Aprili. Wakipungua huja samaki mwingine, white bass, na Mei wanajaa. Kinachowaita white bass ni joto la maji: yakifika nyuzi 13 hivi madume hutangulia, majike hufuata, mayai hutagwa mkondoni yakanata kwenye kokoto, na hakuna anayebaki kuyalinda. Wengi wana nusu kilo au pungufu, kwa hiyo nailoni inayohimili kilo 3 inatosha, na ndoano yenye kichwa cha risasi, gramu 3.5, iliyovalishwa mkia mweupe wa plastiki laini, sentimita 5. Rusha mshazari kuelekea mto unakotoka, acha mkondo ushushe chambo, kunja uzi kiasi cha kuondoa ulegevu tu. Risasi iguseguse chini. Isipogusa kabisa, ongeza uzito. Ikinasa kwenye mawe kila mrusho, punguza. Mgeni huvuta mbio, chambo kikapita juu ya samaki waliolala chini.

Ziwa Victoria halina baridi ya kuisha, maji yako karibu na nyuzi 25 mwaka mzima. Huku kinachopandisha samaki mtoni ni mvua, na aliyekuwa akipanda kwa wingi ni ningu, samaki wa ziwani anayetaga mitoni. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito, Kagera na Nzoia ikiwemo, zilimkamata akienda kutaga, akaadimika. Kwa hiyo masika mwache apite. Mazoea ya Maumee ya kungojea samaki wa mazazi hayamfai.

Sato mpe mnyoo, ndoano ndogo, boya dogo, kwenye maji ya mita moja au mbili kando ya magugu. Jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na ukimvuta huvitema.

Sangara ndiye anayedai vifaa vyake. Meno yake ni madogo lakini ni msasa, na ukingo wa kifuniko cha shavu hukata uzi akitikisa kichwa. Nailoni kuu iwe ya kilo 15 au zaidi, na mbele yake funga mita moja ya nailoni nene ya milimita 1. Waya wa chuma hauhitajiki. Breki ya rili, yaani kikunjia uzi, ipime kwa mizani ya ndoano: iachie uzi kwenye kilo 4 au 5. Ukiikaza zaidi, mruko wa kwanza unakata. Ndoano za matawi matatu zinazokuja na samaki bandia wa bei rahisi hunyooka, zibadilishe kabla hujaenda. Furu hai, yule samaki mdogo wa ziwani, bado anashinda plastiki zote. Saa nzuri ni alfajiri na magharibi, kwenye miamba inayoshuka ghafla. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe, ila ukimtoa kina kirefu kibofu cha hewa hujaa na hazami tena. Bora uhamie maji mafupi.

Jambo la mwisho, kwa wanaorudi kama mimi: kule tunaingia mtoni hadi kiunoni na suruali ya mpira. Huku kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba. Vulia juu ya mwamba au mtumbwini, na usioshee samaki kwenye magugu ya ufukweni.